Nilizabwa kofi kazini, nikaambiwa nizoee

*"Habari yako mshauri. Mimi ni muuguzi wa kasualti, yaani idara ya dharura, katika hospitali moja hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Wiki 3 zilizopita, saa nane usiku, kijana mmoja alimleta kaka yake aliyegongwa na gari. Tulikuwa wauguzi wawili na tabibu mmoja, wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido. Mfumo wa SHA, bima ya afya ya serikali, ulikuwa umekwama, kwa hivyo dirisha la malipo lilimrudisha kwangu, nami nikamrudisha dirishani. Nilipotoka kumwomba kitambulisho cha mgonjwa alianza kupiga kelele. Nilimwambia atulie. Alinizaba kofi la sikio la kushoto, akanikamata sare kifuani mpaka kifungo kikang'oka. Kifungo hicho bado kiko kwenye pochi yangu, sijui kwa nini sijakitupa. Nilirudi ndani nikaendelea kumhudumia kaka yake mpaka alipofariki alfajiri. Msimamizi wangu aliniambia, 'Sista, hii ndiyo kasualti, utazoea,' na kwamba nikienda polisi nitaharibu jina la hospitali. Mwenzangu mmoja anasema huenda nilimjibu vibaya. Sikio bado linavuma. Matatu ikikaribia steji ya hospitali, mikono inaanza kutetemeka. Mume wangu anataka niache kazi, na mkataba wangu unaisha baada ya miezi 4. Je, nilikosea wapi? Naweza kukataa kuhudumia watu kama hao? Nikiripoti sasa, si nimechelewa? Na ni vibaya nikibeba pilipili ya kupuliza kwenye mkoba?"*

Dada yangu, pole sana. Umeuliza maswali manne, lakini kuna la tano ambalo hukuliuliza, nami nitaanza nalo: sikio lako.

Kofi likitua bapa juu ya sikio, hewa iliyomo tunduni husukumwa ndani kwa kishindo, na ngoma ya sikio inaweza kuchanika. Sikio lililovuma wiki 3 lazima litazamwe. Michaniko mingi ya namna hii hujiziba yenyewe baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache, ila ni lazima mtu achungulie kwa kifaa na usikivu upimwe. Kwa sasa usitie matone wala mafuta, usichokoe, na unapooga ziba tundu kwa pamba iliyopakwa vaselini ili maji yasiingie. Ukiona usaha, ukishikwa na kizunguzungu, au ukigundua kwamba simu huisikii vizuri upande wa kushoto, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo. Kama hakuna lolote kati ya hayo, nenda wiki hii. Mwambie wazi kwamba ulipigwa, na uhakikishe ameandika hivyo. Karatasi hiyo utaihitaji.

Sasa, ulikosea wapi. Kisheria jibu ni fupi: kosa ni la aliyeinua mkono. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 251, inalihesabu shambulio linalomjeruhi mtu kuwa kosa la hadi miaka 5 jela, na haisemi popote kwamba muuguzi ameondolewa katika hesabu hiyo. Mwenzako anayedhani ulimjibu vibaya nadhani anajiliwaza. Akiamini ulikosea wewe, anaweza kuamini kwamba yeye hatapigwa kamwe.

Hata hivyo naomba tuurudie usiku ule polepole, kwa sababu ndani yake mna mambo yanayoweza kukukinga kesho. Usiyapokee kama lawama.

Kijana amefika na damu ya kaka yake kwenye shati. Mgonjwa anachukuliwa, mlango unafungwa. Yeye anabaki koridoni. Anatumwa dirishani, anarudishwa, anatumwa tena. Kila akirudi anaona sare nyeupe zikipita mbio na hakuna anayemtazama usoni. Wewe unajua kwamba mbio zile ni za kumwokoa kaka yake. Yeye anaona watu wanaomkwepa. Mwili wa mtu aliye na hofu kiasi hicho umejaa adrenalini: moyo unakimbia, misuli imekaza, masikio yanachuja maneno na kubakiza sauti tu na sura. Katika hali hiyo, sentensi ya kwanza anayopewa kuhusu kaka yake ni ombi la kitambulisho. Halafu anaambiwa atulie.

"Tulia" ni neno tunalolitumia sote, na najua ulilisema kwa nia njema. Kwa masikio yale linasikika kama amri, na kama kuambiwa kwamba hofu yake haina maana. Kinachofanya kazi mara nyingi ni habari, jina na muda: "Mimi ni sista fulani. Ndugu yako yuko hai, wanamsaidia kupumua. Nitarudi kwako baada ya dakika 15." Kisha unarudi baada ya dakika 15 hata kama huna jipya la kusema, hata kama ni kumwambia tu kwamba hali ni ile ile. Ile ahadi iliyotimizwa ndiyo inayomshusha pumzi.

Dalili nazo huja mapema. Mtu anatembea mbele na nyuma, taya limekaza, ngumi inafunga na kufunguka, anauliza swali moja mara ya tatu au ya nne. Wengi hutazama kelele peke yake. Mimi huogopa zaidi yule aliyekuwa akipiga kelele kisha akanyamaza ghafla na kunikodolea macho. Ukiona hivyo, simama umbali wa mikono miwili, mwili upande kidogo, viganja vikionekana, na mlango uwe karibu nawe, lakini usimzibie yeye njia ya kutokea. Stethoskopu na kamba ya beji vitoke shingoni, maana ni kitanzi tayari. Na usimwingize mtu kama huyo chumba cha pembeni mkiwa wawili tu.

Lakini nikuulize: saa nane usiku, wauguzi wawili, wagonjwa mpaka koridoni, nani alikuwa na hizo dakika za kurudi kwa kila jamaa? Hapo ndipo kosa lilipo. Mfumo wa malipo ukikwama, hospitali inatakiwa iwe imeamua mapema kwamba mgonjwa wa dharura anaendelea kuhudumiwa na karani anaandika kwa mkono. Muuguzi hafai kuwa tarishi kati ya dirisha na jamaa aliyechanganyikiwa. Katiba yetu, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na jamaa wakihisi kwamba pesa ndiyo inayochelewesha, kasualti nzima inakuwa petroli. Tangu SHA ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, nimesikia kisa hiki cha mfumo kukwama kutoka kwa wauguzi wengi mno. Na bawabu wako yuko wapi? Yuko langoni, anafungua buti za magari.

Kwa hiyo msimamizi anaposema "utazoea," anakosea mambo mawili. La kwanza, kupigwa si sehemu ya uuguzi. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Wengi, ndiyo. Sasa fikiria kiwanda ambacho theluthi ya mafundi wake wanakatwa vidole. Hakuna ambaye angewaambia wazoee, mashine ndiyo ingesimamishwa. La pili, aliyezoea haripoti, na kisichoripotiwa hakiwekewi bajeti.

Hili la pili nalisema kwa uchungu. Kabla sijahamia afya kazini nilikuwa muuguzi wa kasualti, na usiku mmoja jamaa alinirushia stendi ya dripu. Nilipasuka juu ya jicho. Mkubwa wangu alinisafisha kwa mikono yake mwenyewe, kwa upole, huku akiniambia nisiandike kitu, nitaonekana sijui kuongea na watu. Sikuandika. Baada ya miezi 2, mlango ule ule, zamu ile ile ya usiku, mwenzangu alivunjwa kifundo cha mkono. Walipouliza kama jambo hilo limewahi kutokea hapo, kitabu cha matukio kilikuwa cheupe. Nilisimama mbele ya kurasa zile tupu na kovu langu likiwa usoni.

Je, umechelewa? Hapana. Leo hii andika ripoti ya tukio kwa mwajiri wako: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, maneno yaliyosemwa, ulichofanyiwa, ulichoambiwa na msimamizi baadaye. Andika kwa utulivu bila kumtukana mtu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa, hiyo ubaki nayo. Ukiituma kwa barua pepe pia ni sawa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, inampa mwajiri siku 7 tangu apate habari ya ajali kazini awe ameiarifu idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS. Haki yako ya mafao hupotea ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12. Kwako zimepita wiki 3 tu. Lakini sikio likija kuharibika baadaye na hakuna karatasi, utapata shida kuthibitisha kwamba liliharibikia kazini.

Kwa polisi, nenda kituo kilicho karibu na mahali ulipopigwa, uandikishe taarifa upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Beba ile karatasi ya daktari wa masikio. Hospitali haina mamlaka ya kukuzuia kuripoti kosa ulilotendewa mwilini mwako. Kukwambia unaharibu jina lao ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu huyo atarudi.

Je, ufungue kesi mpaka mwisho? Hapo sitakuamulia. Kesi ina kuahirishwa, ina siku za mapumziko zinazoliwa na korido za mahakama, na unayemshtaki ni mtu aliyezika kaka yake. Nahisi unamhurumia, na huruma hiyo ni yako kwa haki. Wapo wauguzi walioridhika na msamaha uliotamkwa mbele ya chifu au wazee, gharama za matibabu zikalipwa, wakaendelea na maisha. Wapo waliosamehe kwa kusukumwa na wakubwa, na wakaugua kwa hasira. Jambo moja tu nalishikilia: pata kwanza nambari ya OB, na mapatano yoyote yafanywe ukiwepo na ukikubali wewe, hospitali isikusamehee kwa niaba yako.

Kuhusu kukataa kuhudumia, watu wengi wanaamini muuguzi hana ruhusa hata kidogo. Si kweli. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 12, inampa mhudumu haki ya mazingira salama ya kazi, na haki ya kukataa kumtibu mtu anayempiga, anayemtukana au anayemnyanyasa kingono, isipokuwa iwe ni dharura na hakuna mhudumu mwingine. Angalia vizuri mipaka yake. Aliyekupiga alikuwa jamaa, na mgonjwa alikuwa amelala hana habari. Ulivyorudi ndani ulifanya jambo la heshima kubwa, na ninakuvulia kofia. Lakini kama mwenzako angeweza kumshika mgonjwa yule, ulikuwa na kila haki ya kukaa chini, kunywa maji, kutazamwa sikio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inasema pia kwamba mfanyakazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa iliyo mbele yake, akiwa na sababu za msingi, hafai kuadhibiwa kwa hilo.

Kisha kuna mgonjwa anayepiga kwa sababu ubongo wake hauko sawa, na huyu tumtenge kabisa. Nakumbuka mzee mmoja aliyeletwa na bodaboda akitukana na kuuma, mabawabu wawili wamemlalia, kila mtu akisema ni pombe. Sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka hadi 1.8. Dripu ya dextrosi, yaani sukari, ilipoingia alifumbua macho, akatuamkia kwa adabu na kuuliza viatu vyake viko wapi. Sukari iliyoshuka, oksijeni iliyopungua, jeraha la kichwa, dakika zinazofuata kifafa, pombe iliyokatwa ghafla: pima kwanza. Mtu wa namna hiyo hashtakiwi, anatibiwa. Ripoti ya tukio inaandikwa vile vile, na aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Kama kulikuwa na damu, aanze dawa za kinga ya VVU haraka, zisipite saa 72, na aulizwe kuhusu chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda.

Pilipili ya kupuliza usibebe, dada. Katika chumba kilichofungwa haichagui. Mtoto wa pumu aliye kwenye nebulaiza, mashine ya kuvuta dawa, ataivuta kabla ya anayekushambulia, wewe mwenyewe utapofuka, na mkebe ukiponyokwa mkononi unakuwa wake. Mafunzo ya kujinasua mtu akikukamata mkono au nywele ni mazuri, mradi lengo ni kujitoa na kukimbia. Nisikudanganye pia kuhusu semina. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, mwaka 2020 yalionyesha kwamba mafunzo huwaongezea wahudumu maarifa, lakini peke yake huenda yasipunguze idadi ya mashambulizi. Mwajiri akiwapeleka semina ya siku moja na kuacha korido vile vile, amenunua cheti.

Mnachostahili kudai ni kitu cha mkononi. Bawabu mmoja ndani ya kasualti usiku. Jamaa mmoja kwa kila mgonjwa, mwenye kadi. Mtu mmoja kila zamu ambaye kazi yake ni kuzungumza na jamaa. Kengele ya dharura, na wakati inasubiriwa, neno la siri mlilokubaliana ambalo likisikika kila mtu anakuja. Taa kutoka lango hadi steji. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini inataka kuwe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Uliza wajumbe wa kamati yenu ni nani. Kama hakuna anayewajua, hilo nalo liandikwe kwenye barua.

Mkataba wako. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inakataza kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika kwa haki. Lakini najua Nairobi ilivyo: hawatakufukuza, wataacha tu mkataba uishe na waseme bajeti haitoshi, na kuthibitisha kisasi hapo ni kazi ngumu. Kwa hiyo usiende peke yako. Zungumza na mwakilishi wa chama cha wauguzi kabla ya kupeleka barua, na kama yule muuguzi na tabibu mliokuwa zamu watakubali kuandika walichoona, barua tatu zilizofika siku moja si rahisi kuzipoteza kwenye droo. Mkikaliwa kimya, mlango wa DOSHS uko wazi kwa mfanyakazi yeyote.

Hiyo mikono inayotetemeka kwenye matatu haina uhusiano na udhaifu. Mwili umejifunza kwamba steji ile ni hatari, na unakutayarisha kabla hujafika. Kwa watu wengi hali hii hupungua ndani ya wiki chache wakipata usingizi, watu wa kuwaamini na kazi isiyowarudisha papo hapo kwenye moto. Omba zamu za mchana kwa muda, au wodi nyingine, kisha urudi kasualti hatua kwa hatua. Usikubali kulazimishwa kusimulia kila kitu kwenye kikao kimoja mbele ya wakubwa, vikao vya namna hiyo havizuii madhara. Simulia kwa unayemchagua, wakati wako. Na tafadhali, diazepamu, ile dawa ya kutuliza, ya kabati la wodi iache hapo ilipo. Sote tunajua wenzetu wanaojisaidia nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza.

Ikipita mwezi na bado unaota kofi lile, unashtuka mtu akiinua sauti, au unakwepa njia ile, tafuta mwanasaikolojia au kliniki ya afya ya akili. Kama unaona aibu kutibiwa kwenu, hospitali za Mathari na Kenyatta zote zina huduma hiyo. Ikikujia fikra ya kujidhuru, au ukianza kunywa ili uweze kuingia zamu, usingoje mwezi, nenda siku hiyo na mtu unayemwamini.

Mume wako anasema uache kazi kwa sababu anakuona ukirudi nyumbani. Mwambie umemsikia, na muombe wiki 6. Katika wiki hizo sikio litakuwa limeangaliwa, barua itakuwa imefika, na utajua kama hospitali yako inajibu au inanyamaza. Ikinyamaza, kuhama ni halali kabisa, na ripoti iliyopigwa muhuri utaondoka nayo.

Halafu hicho kifungo. Kiweke kwenye bahasha, uandike juu yake tarehe, saa na jina lako. Sare uliyovaa usiku ule kama bado haijashonwa, ikunje uiweke nacho. Siku ya kwenda kituoni, vibebe vyote viwili.